Bahari Haina Mwenyewe? Barua kwa Mwanangu Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mamako anakusalimu, na goti lake limetulia tangu mvua zilipokatika. Barua yako uliyoipitisha kwa simu ya Faraji niliisoma mara mbili, kisha nikamtuma akaichape karatasini, maana macho yangu na kile kioo hayapatani. Nimekawia kujibu, na si kwa uvivu. Ulinishika pabaya.

Umeniandikia: "Baba, tangu tukiwa wadogo ulitwambia bahari haina mwenyewe. Mbona hapa Viareggio ina mwenyewe, tena kwa safu, ya kwanza hadi ya sita?" Ukanieleza mlivyoteremka Italia kwa treni, wewe na wenzako wawili wa hospitalini, mkalipa euro 45 kwa siku moja, mwavuli na vitanda vya kuegemea, na hapo mko safu ya nyuma kabisa. Kijana wa mlangoni aliwapisha wenzako, wewe akakusimamisha akakwambia humu ndani hakuuzwi vitu. Mchana akapita muuza miwani, Msenegali, akakuita "sorella", dada, nawe ukashusha miwani yako ukajifanya umelala. Mwisho wa barua ukatia neno moja tu, kama mtu anayetupa kitu akiwa ameshafika mlangoni: "Nilikosea?"

Hilo nitalifikia. Acha kwanza nizungumze ya Viareggio, kwa kuwa nimefika.

Mwaka 1991 meli yetu ilikuwa Marina di Carrara, bandari ndogo iliyo kaskazini kidogo ya hapo ulipokuwa, ikipakia marumaru. Jiwe moja lilikuwa kama matatu nzima. Ile milima uliyoiona nyuma ya mji, nyeupe vileleni katikati ya joto la Julai, wengi hudhani ni theluji. Ni machimbo. Wamekuwa wakikata mawe pale tangu enzi za Warumi. Na ule mji wa kati, Forte dei Marmi, ambao wenzako walikwambia hata maji ya kunywa ni ghali, jina lake lina maana ya ngome ya marumaru: mawe yalikuwa yakishushwa kutoka mlimani kwa magari ya ng'ombe hadi gatini pale, yapakiwe majahazini. Palikuwa pa makuli. Leo huko hawatandazi miavuli midogo kama yenu, wanajenga mahema ya kitambaa yenye viti na meza ndani, na mtu wa kipato chako hata kuuliza bei anaona haya.

Basi Jumapili moja tulishuka, mimi na jamaa mmoja wa Tanga tuliyekuwa naye mashineni, tukapanda treni hadi Viareggio. Tulikuwa na mkate, samaki wa kopo, na leso ya kukalia. Tukapita barabara yao ndefu ya kando ya bahari yenye mikahawa na majengo ya nakshi, tukatafuta mahali pa kuingilia. Kila mlango una jina lake na rangi yake ya miavuli: hawa kijani, hawa buluu, hawa milia. Tukafaulu kuteremka hadi majini. Kutembea ukingoni hakuna aliyetuzuia, lakini kila tulipoinama kutandika leso alitokea mtu akatuonyesha kwa kidole: mbele, mbele. Tulitembea mpaka mkate ukaliwa njiani. Mtu wa Tanga akasema, "Hawa wamepanga mchanga kama ukumbi wa harusi, na sisi hatukualikwa."

Sasa hapa ndipo ubaharia unapofaa. Umewahi kujiuliza kwa nini sisi hatuna safu sita za miavuli hadi ukingo wa maji? Si kwa sababu tuna roho nzuri kuliko wao. Ni maji. Kwetu siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Panda mwavuli wako asubuhi pale kwenye mchanga mbichi, saa sita baadaye uutafute mwambani. Bahari yetu huja mara mbili kwa siku kufuta kila mpango. Upande ule wa Italia maji hayajui kupwa; yanapanda na kushuka kwa kiasi kisichofika magotini, kwa hiyo mchanga unabaki ulivyopimwa, na kitu kinachopimika hukodishwa. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, imeitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Kwetu huo ni uwanja mzima, watoto wanacheza mpira na wanawake wanaokota chaza. Wao, mbele ya miavuli, kilichobaki wazi kwa mpita njia ni ule ukanda wa mita 5 kutoka majini, wa kupita tu, huruhusiwi kuketi.

Usidhani sheria ya Italia inasema bahari ina mwenyewe. Ufuo ni mali ya dola, kama kwetu, na tangu 2006 sheria yao inawalazimu wenye vibanda, yaani hao wanaokodisha miavuli, kumwachia kila mtu njia ya kufika majini bila kulipa. Kinachofanyika ni kwamba dola inatoa kibali cha kutumia kipande, na kibali kikishaingia katika familia hakitoki. Kodi ya chini kabisa ilipandishwa hadi euro 2,500 kwa mwaka, kuanzia 2021. Kabla ya hapo ilikuwa chini zaidi. Piga hesabu, wewe uliyekuwa ukinishinda kwa hesabu: kwa euro 45 uliyolipa, miavuli 56 inarudisha kodi hiyo ndani ya siku moja. Vibanda vikubwa hutozwa zaidi, lakini picha umeipata. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2016 kwamba vibali haviwezi kuongezwa muda hivi hivi bila kushindaniwa, baraza lao kuu la mashauri ya serikali likasema vilevile 2021, na mwaka 2024 serikali ikavisogeza tena hadi Septemba 2027. Agosti ya mwaka huo huo wenye vibanda waligoma. Unajua waligoma vipi? Walifunga miavuli kwa saa mbili, asubuhi na mapema, kabla wateja hawajamaliza kahawa. Nilipoisikia redioni nilicheka hadi mamako akaja kuniangalia.

Ila mimi daraja za watu ufuoni sikuzijua kwa Waitalia. Wale wanakuandikia bei mlangoni, angalau unajua umefungiwa na nini. Nilizijua Rio de Janeiro, Brazil, mahali ambapo hakuna mlango.

Ilikuwa 1986. Meli ilikaa bandarini siku kumi na moja ikingoja mizigo, na kuli mmoja tuliyezoeana kwa ishara na Kireno changu cha kuokota alinialika twende ufuoni na watu wake. Walikaa upande wa kaskazini wa mji, bara ya milima, jua kali na upepo hakuna. Bahari nzuri, Copacabana na Ipanema, iko upande wa kusini, na katikati ni milima. Mwaka 1967 walifungua handaki la Rebouças kupitia chini ya milima hiyo, na baadaye mabasi yakaanza kupita humo kuwaleta watu wa kaskazini hadi mchangani. Tulipanda basi hilo asubuhi sana. Bibi mmoja, mama mkwe wake, alikuwa amepakata sufuria iliyofungwa kwa kitambaa kama mtoto.

Tulipofika akaifungua. Kuku, na juu yake unga wa muhogo uliokaangwa kwa mafuta na vitunguu. Wanauita farofa. Muhogo, Zuhura! Nilikula nikakumbuka kwamba muhogo wetu wenyewe Wareno waliutoa huko huko wakauleta Afrika. Nikamwambia yule bibi kwa mikono kwamba kwetu pia tunao, tunautia nazi. Sijui alielewa nini, lakini aliniongeza.

Pembeni yetu walikuwa wasichana watatu wamelala, mmoja akasema neno, wenzake wakacheka, na kuli wangu akatazama chini. Nikamuuliza. "Farofeiros," akasema. Yaani wala farofa, watu wa kuja na sufuria. Ndilo jina ambalo wenye majumba yaliyotazama bahari waliwapa watu wa basi.

Tangu siku ile najua namna ya kumtambua tajiri wa ufuoni, na si kwa nguo, maana pale wote wamevua. Tazama mikono. Mtu wa Ipanema alikuja na ndara na taulo begani, basi. Akiwa na kiu yupo muuza chai ya mate, amebeba madebe mawili, moja kila upande wa bega, anapita akiita. Akitaka choo, nyumba iko ng'ambo ya barabara. Mtu wa kaskazini alibeba maji, chakula, mwavuli, nguo za kubadilisha, mtoto, na hofu ya basi la mwisho. Hata kuketi kuna mipaka isiyoandikwa: ufuo una vituo vya waokoaji vyenye namba, 1 hadi 12, na kila watu wanajua kituo chao. Ukikaa kituo cha 9 na wewe si wa kituo cha 9, hakuna atakayekufukuza. Utatazamwa tu.

Na sheria yao ni nzuri ajabu. Mwaka 1988, miaka miwili baada ya ile sufuria, waliandika kwamba fukwe ni mali ya wote, na kila mtu ana haki ya kuzifikia kutoka upande wowote. Basi yakafuata haya: 2001 serikali ya huko ikawajengea watu wa kaskazini bwawa kubwa la maji ya chumvi lenye mchanga, pale Ramos, kando ya ghuba iliyochafuka. Wengine walishukuru. Wengine walisema wamejengewa bahari yao ili waiache ile nyingine. Na 2015 polisi walikuwa wakisimamisha mabasi yanayoelekea kusini na kuwashusha vijana, wengi wao weusi, ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Ufuo haukuguswa. Waliguswa waliokuwa njiani kwenda ufuoni.

Kwa hiyo nilipowaambia nyinyi bahari haina mwenyewe, nilisema nusu. Nusu nyingine ni kwamba njia ya kuifikia ina wenyewe, na basi lina mwenyewe, na kivuli, na maji ya kunywa, na choo. Nilikuona bado mdogo, nikakupa nusu tamu.

Durban, kule Afrika Kusini, sitaikalia sana, inanichosha. Nilipita 1987. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa ya watu wasiojali vikwazo vya nani. Wakala wa meli alitueleza mapema ufuo gani ni wa nani, nami nikashuka nikafika hadi kwenye kibao, kimeandikwa kwa lugha tatu kwamba hapo pa kuogea ni pa weupe peke yao, nikarudi melini. Sheria yenyewe ilikuwa ya 1953. Novemba 1989 wakatangaza fukwe ni za wote, mwaka uliofuata sheria ikafutwa. Nilifurahi kama ni mimi niliyefunguliwa. Lakini Desemba 2018, kule Clifton, upande wa Cape Town, kwenye ufuo wa umma usio na kibao chochote, walinzi wa kampuni binafsi waliwaambia watu waondoke jioni. Watu wakaja wengi siku chache baadaye kuandamana, wakachinja na kondoo pale pale mchangani. Ukitaka kujua Clifton ilivyo, ni ngazi ndefu za kuteremka kati ya majumba ya mamilioni. Tena ni yale yale ya njia.

Usije ukadhani nawasema wageni tu. Ule ujia wetu wa kuteremkia Bamburi, hapa kwetu Mombasa, nilipojifunza kuogelea na ndugu zangu, ulikuwa upana wa magari mawili. Leo una ukuta kushoto na ukuta kulia, vipande vya chupa juu, na upana wa mkokoteni mmoja. Ukuta wa kushoto ni wa hoteli, sitaitaja. Kuna mwaka walitia na geti. Wazee tukaenda kwa chifu, geti likabaki wazi mchana, likawekewa mlinzi. Na siku ya Idd ukienda ule ufuo wa umma wa Pirates, watu kwa maelfu, tairi za kuelea za kukodi, ngamia, muhogo na achari, watoto wamevaa chupi na mama zao madera yamelowa, basi wenye magari wanapita juu kwa juu kuelekea Nyali wakisema leo huko hakuendeki. Farofeiros wetu hao. Na sisi ni katika hao, usisahau sufuria ya mamako.

Sasa lile neno lako.

Unamkumbuka ami yako wa Muscat alipokuja, wewe ukiwa kidato cha pili? Nilitaka kumkirimu. Nikampeleka hotelini, nikalipia tukae kwenye viti vyao vya kando ya bahari, mimi niliyetembezwa Viareggio na leso mkononi. Nikaagiza maji ya matunda. Akapita kijana na zile shanga na vibao vya funguo vya kuchonga majina. Alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyesoma na Faraji. Alisimama nje ya kamba, kwa kuwa ndani haruhusiwi, akanitazama akitaka kutabasamu. Nami nikamwambia, "Leo hapana, kijana." Kijana! Kama simjui baba yake. Ami yako hakugundua kitu. Jioni msikitini yule mtoto alinipa mkono kama kawaida, na mpaka leo hatujawahi kulisema.

Kwa hiyo usiniulize kama ulikosea kana kwamba mimi ni kadhi. Ninachokiona ni hiki: asubuhi mlangoni walikutia kundi moja na yule Msenegali kwa kukutazama tu, na ilikuuma. Mchana alipokuja yeye mwenyewe, ukataka wenzako waone kwamba hamko pamoja. Nimekuelewa kabisa. Ndivyo nilivyofanya mimi na vile vibao vya funguo. Huenda unajiuliza ni rangi au ni pesa. Pale mlangoni vilikuwa mfuko mmoja, na euro 45 zako zilitoa kimoja kikabaki kingine.

Kununua si lazima, miwani unayo, na polisi wa kule huwatoza faini hata wanunuzi wa bidhaa za kuigiza. Lakini yeye anatembea mchanga wa moto kutwa na duka lote begani, anatazama nyuso za watu waliolala. Anajua nani amelala kweli. "Sorella" ni neno lake la biashara, ndiyo, kama "rafiki" na "jambo" za vijana wetu. Anaweza kulisema mara mia mbili kwa siku. Nadhani alipofika kwako alilisema kwa sauti nyingine kidogo.

Ukirudi mwakani, usilipe tena. Kutoka Viareggio fuata upande wa kusini, ng'ambo ya gati za meli, kuna msitu wa misonobari, na mbele yake ufuo mrefu ulio wazi hadi karibu na Torre del Lago. Unaitwa Lecciona. Hauna miavuli ya mtu, una vilima vya mchanga na magogo yaliyoletwa na mawimbi. Sisi tuliuona jioni, tumeshachoka, treni inakaribia. Kodi baiskeli, beba maji mengi, na chukua chakula chako. Wenzako wakicheka sufuria, waonjeshe.

Mamako anauliza kama tiketi ya Desemba umeshaikata. Maji ya bamvua yakipwa tutashuka Bamburi asubuhi, tutembee hadi mwambani kama zamani. Mlinzi wa zamu ya asubuhi pale ujiani ni kijana wa Kaloleni, mwenye adabu. Nimeshamwambia binti yangu anakuja kutoka Ulaya. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama utakuwa umevaa dera au nguo za kizungu, kwa sababu meneja wake huwa anaangalia hayo kabla ya kumwambia ni nani wa kuulizwa anakwenda wapi.

Babako